Diski, AVI au MP4: video ya familia icheze vipi kwenye deki ya kijijini?

Shangazi yangu anaishi nje kidogo ya Ugunja, Siaya. Sebuleni ana televisheni ndogo ya zamani, ile yenye mgongo, na chini yake deki ya DVD ambayo mwanawe alimletea kutoka Nairobi miaka mingi iliyopita. Tulipomzika mume wake, mimi ndiye niliyerekodi tangu mwili ulipotolewa mochari hadi mchanga wa mwisho. Wiki mbili baadaye nikarudi na video yote kwenye flashi. Sebule ilijaa. Watoto walikaa sakafuni, wazee wakapewa makochi, na majirani wengine wakasimama mlangoni. Nikachomeka flashi. Deki ikaisoma, jina la faili likatokea kwenye skrini, nikabonyeza rimoti. Ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba faili ya aina hiyo haitambui. Nikajaribu tena, na tena.

Shangazi akanitazama, akasema, "Mwanangu, si ulisema umemleta?"

Neno hilo halijanitoka. Narekodi harusi na mazishi kati ya Kisumu, Siaya, Kakamega na wakati mwingine Nakuru, na tangu siku ile sijawahi kutoa kazi kabla ya kuuliza itachezwa kwenye mashine gani. Njia za kuaminika ni tatu: kuchoma diski ya DVD halisi, kugeuza video iwe AVI ya Xvid na kuiweka kwenye flashi, au kuiacha iwe MP4 ya H.264. Kila moja ina nyumba yake. Ukikosea nyumba, hata video safi namna gani itabaki jina tu kwenye skrini.

Ijue deki kabla ya kuigusa video

Watu wengi husema "deki yangu inacheza MP4" au "haichezi AVI" kana kwamba hiyo ndiyo aina ya video. MP4 na AVI ni makasha tu. Ndani ya kasha mna picha iliyobanwa kwa namna fulani, na sauti iliyobanwa kwa namna yake. Deki inaweza kulifungua kasha, ikasoma jina, halafu ikashindwa na kilichomo. Ndicho kilichotokea Ugunja. Wakati mwingine picha huja bila sauti, maana mbano wa picha unajulikana na deki lakini ule wa sauti haujulikani. Nimeiona hiyo hasa kwa faili ambazo sauti yake ni DTS.

Umri wa mashine unaeleza mengi. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na kila deki ya DVD duniani ina chipu inayofungua MPEG-2, mbano wa diski hizo. Baadaye zikaja deki zenye alama ya DivX usoni. Hizo zinafungua pia MPEG-4 ile ya kwanza, ambayo DivX na Xvid ni watoto wake. H.264 ilitoka mwaka 2003 na inadai kazi nyingi zaidi kutoka kwenye chipu, kwa hiyo deki nyingi za bei nafuu hazikuwekewa uwezo huo. H.265, ambayo wengine huiita HEVC, ni ya mwaka 2013. Usitarajie chipu ya deki ya shangazi ijifunze jambo jipya. Hakuna programu utakayoishushia ikabadilika, bali video ndiyo inayopaswa kuishukia.

Kwa hiyo nikipata kazi napiga simu nyumbani kwa mteja na kumwomba mtoto mmoja asimame mbele ya deki. Ina tundu la USB? Imeandikwa DivX mahali popote? Televisheni ni ile nene au bapa? Bapa ina tundu la USB ubavuni? Na swali ambalo watu husahau: king'amuzi chao kina USB? Tangu nchi ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015, ving'amuzi vimeingia nyumba nyingi, na baadhi yake hucheza video kutoka kwenye flashi vizuri kuliko deki yenyewe. Nimewahi kuiokoa siku huko Luanda ya Vihiga kwa kuhamisha flashi kutoka kwenye deki hadi kwenye king'amuzi kilichokuwa juu yake.

Diski ya DVD halisi

Nasema "halisi" kwa sababu kuna kosa moja linalorudiwa kila mahali: mtu anachukua faili ya MP4, anaichoma kwenye diski tupu jinsi ilivyo, anaandika jina kwa kalamu na kusema hii ni DVD. Hiyo ni diski yenye faili ndani yake. DVD ya kucheza ina folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake video ya MPEG-2 iliyokatwa katika vipande visivyozidi gigabaiti 1 kila kimoja, na sauti ya AC-3, MP2 au PCM yenye hezi 48,000. Ukifuata mpangilio huo, karibu kila deki itaicheza, iwe imenunuliwa supamaketi au imeokotwa soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili.

Picha yake ina ukubwa wa nukta 720 kwa 576 kwa PAL, mfumo wa televisheni unaotumika huku kwetu, fremu 25 kwa sekunde. Kwenye televisheni nene inatosha kabisa. Kwenye televisheni bapa ya inchi 43 utaona ulaini fulani kwenye nyuso za watu walio mbali, na kama ulirekodi kwa kamera nzuri, moyo utakuuma.

Hesabu ya muda ndiyo inayowashinda wengi. Diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Kwa saa 2 unapata takriban megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na hapo picha bado ni nzuri. Kwa saa 3 unashuka hadi megabiti 3 na nusu hivi, na kwaya inapoanza kucheza na kutikisa sare, utaona vigae vidogovidogo vikirukaruka kwenye picha. Saa 4 kwenye diski moja siikubali, hata mteja akisisitiza. Mazishi yetu huku ni marefu. Wasifu wa marehemu peke yake, kisha salamu za wakwe, salamu za shule, salamu za chama, viongozi, mahubiri. Mimi nagawa: diski ya kwanza ibada na salamu, diski ya pili maziko yenyewe. Familia nyingi hurudia hiyo ya pili zaidi.

Kuhusu PAL nina msimamo ambao mafundi wenzangu hawaupendi. Kenya ni nchi ya PAL, kwa hiyo kila mtu anachagua PAL bila kuwaza. Lakini simu hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Ukiibana kuwa fremu 25, programu inatupa fremu 5 katika kila sekunde, na mtu akitembea mbele ya kamera anaonekana anakwama kidogo kila mara. Sasa, deki zote ambazo nimewahi kushika Kisumu zilicheza NTSC, mfumo wa Marekani, bila shida, nayo NTSC ni fremu 29.97. Kwa hiyo video iliyopigwa kwa simu naitoa kwa NTSC, nukta 720 kwa 480. Napoteza mistari michache ya picha na kupata mwendo laini. Iliyopigwa kwa kamera iliyowekwa fremu 25, hiyo naiacha PAL. Kama televisheni ni ya zamani sana, jaribu kwanza, maana chache zitaonyesha NTSC bila rangi.

Ubaya wa diski unajulikana. Vumbi la barabara ya marram huingia kwenye deki na kukaa juu ya lenzi. Diski hupakwa vidole vya mafuta na watoto, huwekwa juu ya meza bila kasha, hukwaruzwa. Chagua DVD-R, achana na zile za kuandika na kufuta, kwa sababu uso wake hurudisha mwanga hafifu na lenzi iliyochoka haiusomi. Choma kwa kasi ya 4 au 8, usiharakishe. Jina liandike kwa kalamu laini ya wino. Karatasi ya kubandika hujikunja kwa joto na kuifanya diski iyumbe ikizunguka.

Pamoja na hayo yote, diski ina jambo moja ambalo flashi haina. Mzee wa miaka 80 anaijua. Anafungua mlango, anaiweka, anafunga, inaanza. Hakuna orodha ya faili ya kuchagua, hakuna kitufe cha kubadili chanzo.

AVI ya Xvid kwenye flashi

Hii ndiyo njia ya deki zenye tundu la USB na alama ya DivX, na ndiyo iliyonifaa Ugunja. Ni njia nzuri ikifuatwa kwa uangalifu, maana deki hizi zina masharti mengi kuliko mkwe mtarajiwa.

Picha isizidi nukta 720 kwa upana. Mimi hutumia 720 kwa 400 kwa video pana, kwa sababu namba zote mbili hugawanyika kwa 16 na deki haipati kisingizio. Sauti iwe MP3, megabiti za picha zisizidi 2 kwa sekunde. Kwenye mipangilio ya Xvid kuna vitu viwili vya kuzimwa, vinavyoitwa QPel na GMC. Kwenye kompyuta vinafanya kazi bila shida, lakini deki nyingi zikikutana navyo huonyesha picha iliyochanikachanika au hukwama kabisa.

Ukubwa wake unafurahisha. Kwa kilobiti 1,500 za picha na 128 za sauti, saa nzima inachukua megabaiti 730 hivi. DVD ya megabiti 5 ingechukua gigabaiti 2 na robo kwa saa hiyohiyo. Ukiwa na flashi ya gigabaiti 8, mazishi, harusi ya binti na ubatizo wa wajukuu vyote vinaingia pamoja.

Flashi yenyewe lazima iumbizwe kwa FAT32. Deki hizi hazijui NTFS wala exFAT, na zikikutana nazo huandika tu kwamba hakuna kifaa. FAT32 haikubali faili moja ifikie gigabaiti 4, jambo ambalo kwa AVI halikusumbui, ila kwa MP4 ndefu litakusumbua. Kwa muda mrefu Windows imekataa kuumbiza FAT32 flashi inayozidi gigabaiti 32 kupitia dirisha lake la kawaida, kwa hiyo kwa kazi hii nunua ndogo. Majina ya faili yawe mafupi, bila alama za ajabu: 01IBADA.AVI, 02MAZIKO.AVI. Deki zilizo nyingi hukata majina marefu, na nyanya hawezi kutofautisha faili tatu zote zinazoanza na "Mazishi ya Marehemu Mpendwa Wet".

Tukilinganisha na diski: picha ya AVI kwa megabiti 1 na nusu iko chini kidogo ya DVD nzuri ya saa 2, na ukiwa umekaa mbali kwenye televisheni ndogo hutaona tofauti. Kurudisha nyuma na kupeleka mbele ni kugumu zaidi, maana deki nyingi huruka kwa kukosea. Menyu hakuna. Lakini hakuna lenzi. Deki ambayo lenzi yake imekufa, na ziko nyingi vijijini kuliko zilizo nzima, bado itacheza flashi kwa miaka.

MP4 ya H.264

Kama televisheni ni bapa na ina USB, acha diski. Ni kupoteza muda na kuharibu picha bure. MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC inachezwa na televisheni karibu zote za miaka hii, na ving'amuzi vingi. Saa moja ya ukubwa wa 720, yaani nukta 1280 kwa 720, kwa megabiti 2 na nusu inachukua gigabaiti 1 na kidogo, na inaizidi DVD kwa mbali: utaona machozi kwenye mashavu, utasoma maandishi kwenye mashada.

Mtego ni mmoja, nao umo mfukoni mwako. Simu nyingi sasa hurekodi H.265. Iphone zimekuwa na mpangilio huo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na simu nyingi za Android zina swichi yake kwenye mipangilio ya kamera. Faili inaitwa MP4 au MOV, inacheza vizuri kwenye simu na kompyuta, lakini kwenye televisheni ya bei nafuu unasikia sauti tu huku skrini ikiwa nyeusi. Ukiwa na nafasi, kabla ya shughuli weka simu irekodi kwa H.264. Utajiokolea usiku mzima wa kugeuza.

Yapo mengine mawili. Biti 10 za rangi huzishinda televisheni nyingi hata kama ni H.264, kwa hiyo toa kwa biti 8. Na usipeleke 4K kwenye televisheni ya zamani kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Kwenye televisheni za sola, zile ndogo ambazo nyumba nyingi za Siaya na Busia zimepata pamoja na taa na betri, 720 ndiyo saizi yake. Ukizidisha, zinakwamakwama.

Ikiwa faili yako ni MKV, kasha jingine, lakini ndani yake tayari mna H.264 na AAC, usiigeuze. Ihamishe kasha tu. Inachukua muda mfupi na picha haipotezi hata nukta moja. Nimeona kijana kwenye saiba moja mjini akikesha kuigeuza filamu ya harusi ambayo ingehitaji dakika mbili.

Programu ipi kwa kazi ipi

HandBrake ndiyo ninayomshauri anayeanza, kwa MP4 peke yake. Ni ya bure, ina mipangilio iliyotayarishwa, na ni vigumu kuharibu. Lakini haitoi AVI tangu toleo la 0.9.4 la mwaka 2009, wala haichomi DVD. Watu hupoteza jioni nzima wakitafuta kitufe ambacho hakimo.

Kwa AVI, Avidemux inatosha: unachagua Xvid kwa picha, MP3 kwa sauti, AVI kwa kasha, unahifadhi. Kwa DVD natumia DVDStyler, ambayo hugeuza kuwa MPEG-2, hutengeneza menyu na kuchoma, yote mahali pamoja. Menyu iwe rahisi. Picha moja ya marehemu na vitufe viwili vikubwa.

FFmpeg ndiyo inayofanya yote, nayo ndiyo ninayoitumia kila siku. Haina dirisha, unaiandikia amri. Wengi huikimbia kwa sababu hiyo, na nawaelewa, ila kompyuta yangu ni ya zamani na programu nzito zinaichosha. Kwa DVD ya NTSC kutoka kwenye simu:

`ffmpeg -i maziko.mp4 -target ntsc-dvd -aspect 16:9 maziko.mpg`

Ukiiacha hivyo inatumia takriban megabiti 6 na nusu, picha na sauti, kwa hiyo diski itabeba kama dakika 95. Kama video ni ndefu, ongeza `-b:v 4500k` kabla ya jina la faili ya kutoka. Faili hiyo ya mpg bado si DVD, unaipeleka DVDStyler ikapangwe na kuchomwa. Kwa AVI ya deki (video ya simu, weka `-r 30` mahali pa `-r 25`):

`ffmpeg -i maziko.mp4 -vf scale=720:400 -r 25 -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 1500k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ar 48000 -ac 2 01MAZIKO.AVI`

Kwa MP4 ya televisheni:

`ffmpeg -i maziko.mov -vf scale=-2:720 -r 30 -c:v libx264 -profile:v high -level 4.0 -pix_fmt yuv420p -crf 21 -c:a aac -b:a 160k maziko.mp4`

Na kuhamisha kasha bila kugeuza:

`ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4`

Tovuti za kugeuza video mtandaoni sizipendekezi, na hapa nasema kwa uzito. Kwanza bando: kupandisha gigabaiti 2 na kuzishusha tena ni pesa ambayo ingenunua flashi. Pili, huyo ni marehemu wa watu. Kuna mjane analia, kuna jeneza wazi, kuna watoto. Familia ilinikabidhi mimi, haikuikabidhi kompyuta nisiyojua iko nchi gani.

WhatsApp nayo si njia ya kuhamisha video ya kazi. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, huibana upya na kuipunguza, kisha mtu huniletea hiyo akitaka iwe DVD safi. Uliza faili ya asili, ile iliyo kwenye simu iliyorekodi, na ihamishwe kwa waya.

Sauti inapoachana na midomo

Hili linastahili nafasi yake kwa sababu huliona mwishoni, ukiwa umeshachoma. Simu hairekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Chini ya hema kukiwa na giza, inapunguza, jua likitoka inaongeza. Kwenye simu yenyewe yote huenda sawa kwa sababu kila fremu ina saa yake. Ukiigeuza kuwa AVI au DVD, ambazo zinataka fremu zilizo sawa, programu isiyo makini huhesabu vibaya, na kosa hukua polepole.

Niliwahi kuona mahubiri ya namna hiyo. Dakika ya kwanza, kila kitu barabara. Dakika ya 20, mchungaji anafunga mdomo kisha neno linafuata. Dakika ya 50, amekaa kwenye kiti na kufuta jasho, na sauti yake bado inahubiri, huku mama kwenye skrini akiwa ameanza wimbo ambao hausikiki. Mwenye video alidhani deki yake imeharibika.

Dawa yake ni kuilazimisha video iwe na fremu za kudumu mapema kabisa, kabla hujaikata wala kuiunganisha. Kwenye HandBrake, chagua fremu za kudumu mahali pa fremu zinazobadilika. Kwenye FFmpeg, `-r 30` au `-r 25` niliyoiandika hapo juu hufanya kazi hiyo. Kisha usiangalie dakika ya kwanza. Nenda dakika tano za mwisho, tafuta mtu anayeongea akitazama kamera, tazama midomo.

Video iliyopigwa simu ikiwa wima haina dawa. Itakaa katikati na giza pande zote mbili, na kwenye televisheni nene mtu atakuwa mdogo kama kidole. Mwambie anayerekodi alaze simu.

Nani apewe nini

Deki ya zamani isiyo na USB: diski, hakuna mjadala. Deki yenye USB na televisheni nene: napeleka vyote viwili, diski na flashi ya AVI, kwa sababu siwezi kuijua hali ya lenzi kwa simu. Televisheni bapa, iwe ya stima au ya sola: MP4 ya 720 kwenye flashi ya FAT32, faili zisizofikia gigabaiti 4. Kanisa lenye projekta na kompyuta: MP4 ya 1080, na hapo ndipo kamera nzuri inapoonekana. Jamaa walio Marekani au Uingereza hawahitaji diski hata kidogo, watumie MP4.

Kwa wote, faili ya asili nabaki nayo kwenye diski ngumu mbili. AVI na DVD ni nakala zilizopunguzwa, na kilichopunguzwa hakirudi. Familia ikinunua televisheni kubwa miaka mitano ijayo, nitawatolea upya.

Na jambo la mwisho la kufanya kabla hujapanda matatu: tengeneza kipande cha dakika 2 kwa kila njia, ukitume kwa mtu anayeenda huko, wakijaribu nyumbani. Dakika 2 zinatosha kuona kama picha ipo, sauti ipo, na kama rimoti inapeleka mbele.

Ugunja nilirudi Jumamosi iliyofuata. Nilibeba diski mbili na flashi moja. Diski ya kwanza deki iliizungusha, ikanguruma, ikaitema. Lenzi ilikuwa imechoka. Nikachomeka flashi, nikachagua 02MAZIKO, na baada ya sekunde chache mjomba akaonekana kwenye picha ile kubwa iliyosimamishwa mbele ya jeneza, na kwaya ikaanza. Shangazi alisogeza kiti. Wimbo ulipoisha akaniomba niurudishe, nikaurudisha mara tatu, deki ikiruka kidogo kila mara lakini ikifika. Kisha akaniambia dada yake aliye Nakuru naye anataka, na kwamba huko wana televisheni ya ukutani.

Nikamuuliza kama ina tundu la USB. Akampigia simu palepale.